Mwaka Tuliopima Maji kwa Sado

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo Tabitha, na baada ya matanga nilibaki Mikumi siku chache ili Baba mdogo asiachiwe nyumba tupu kwa ghafla. Nilipika, nilifua, nilipokea wageni waliochelewa kuja kutoa pole. Jioni moja tulikuwa sebuleni, yeye kwenye kochi lake, mimi kwenye mkeka nachambua mchicha, akanyoosha kidole pale ilipo televisheni sasa akasema, "Pale ndipo walipokaa samaki wangu." Nikamwambia nakumbuka. Akasema, "Wewe unakumbuka samaki. Mimi namkumbuka mama yako mdogo." Wajukuu walikuwa wanatazama mpira na hawakugeuka. Kwao bibi alikuwa mtu wa kuwapa karanga na kuwakemea wasikimbilie barabara kuu, na sidhani kama wanajua kwamba sebule hii iliwahi kuwa na maji yanayotembea usiku na mchana, wala kwamba maji hayo yalikaribia kuivuruga nyumba yao.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nyumbani Kilosa waliona heri nikamsaidie mama mdogo kuuza nafaka kuliko kushinda barazani na wenzangu. Mtoto wao Neema alikuwa shule ya bweni, nami nilifika Mikumi na begi moja na kiburi kingi. Nilidhani nimesoma. Nyumba ilikuwa nyuma ya maduka yanayotazama barabara kuu, vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe huwezi kupita bila kugeuka ubavu, kwa sababu ukuta mzima wa upande wa dirisha ulikuwa umechukuliwa na tangi la kioo. Kulikuwa na kabati la vyombo, kochi lenye vitambaa vya kufuma, meza ya kulia, halafu samaki wa rangi ya dhahabu wakubwa kama kidole gumba wanaogelea juu ya kichwa cha anayekula. Baba mdogo alipewa tangi hilo na mwenye kambi moja ya watalii aliyekuwa anahama. Wengine kwenye kambi ile waligawana magodoro na majiko. Yeye alichagua kioo, na mama mdogo hakuacha kumkumbusha. "Wenzako walileta jiko," alikuwa akisema huku akipepea mkaa, "wewe umeniletea samaki wasiolika."

Lakini alimtania tu. Alijua, na mimi nilijua ndani ya wiki ya kwanza, nini kilikuwa kinategemea samaki wale. Baba mdogo alikuwa fundi pampu kwenye shamba la mkonge upande wa Rudewa, na tangu shamba lilipofungwa hakuwa amepata kazi yoyote ya maana. Nyumba ilikula kutoka kwenye meza ya nafaka ya mama mdogo kule sokoni. Hakuna aliyemsema, lakini alijisema mwenyewe kila tulipokaa kula: hakuongeza ugali. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono mikubwa, na alikula kile alichopakuliwa mara ya kwanza, akanawa, akasema ameshiba. Mama mdogo alilijua hilo, akawa anampakulia sahani iliyojaa hadi mchuzi unamwagika kwenye kitambaa. Sasa Mzee Hamza, mwenye hoteli kubwa ambako mabasi yalisimama abiria wakala, na ambaye mchele wake aliununua kwa mama mdogo, alikuwa ameingia siku moja sebuleni kwetu, akakaa kuangalia samaki mpaka chai yake ikapoa. Akasema anataka tangi kama lile ukumbini kwake, mara nne ya ukubwa wake, na anataka mtu wa kulitunza pamoja na pampu zote za hoteli. "Wafikishe hawa salama mpaka masika iishe," alimwambia Baba mdogo. "Wasife. Nikija nikawakuta wazima, kazi ni yako. Wakifa, mimi si wa kununua makaburi ya vioo."

Nao wakaanza kufa. Hawakufa kwa mpigo, bali mmoja leo, mwingine baada ya siku kadhaa, na kabla ya kufa walikuwa wanapanda juu alfajiri, midomo nje ya maji, wanahema. Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda, tangi lilikaa juu ya meza ya mbao, na chini yake kulikuwa na nusu pipa la plastiki lenye kokoto, mkaa na vipande vya godoro. Hilo ndilo chujio. Maji machafu yalishuka kwa bomba kuingia kwenye pipa, yakachujika, na pampu ndogo iliyokuwa chini ikayasukuma kurudi juu kwa mpira. Yasipozunguka ya kutosha, samaki wanabaki ndani ya uchafu wao na pumzi inawaishia. Baba mdogo alikuwa ameelezwa na yule mwenye kambi kwamba maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara nne kwa saa. Tangi lilichukua lita mia mbili. Kwa hiyo pampu ilitakiwa kutoa lita mia nane kwa saa, na kwa kuwa sado moja, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, ni lita nne, sado ilitakiwa kujaa kwa sekunde kumi na nane. Hesabu hiyo niliifanya mimi kwenye meza ya kulia, nikajiona mtu mkubwa.

Tulipima asubuhi, kabla mama mdogo hajachukua sado yake kwenda kuuzia. Mimi nilishika saa ya mkononi ya Baba mdogo, ile yenye mshale wa sekunde. Yeye alichomoa ncha ya mpira kutoka kwenye tangi na kuishika palepale juu, usawa wa kioo, akaikinga sado. Siku ya kwanza nilimshauri aishushe sakafuni ili asichoke mkono, akanicheka. "Ukipima chini unajidanganya, Rehema. Maji hayajapanda mlima bado. Samaki wanaishi juu, tupime juu." Akasema "Haya!", nikaanza kuhesabu, akasema "Imejaa!", nami nikasema kumi na nane. Mara nyingine kumi na saba. Kila asubuhi alirudisha mpira mahali pake akiwa ametulia kabisa, akapangusa matone kwenye kitambaa cha kochi kwa kiwiko, akasema pampu haina neno. Na kwa kuwa pampu haikuwa na neno, tulitafuta ubaya kwingine kote. Tulilaumu dawa ya maji ya bomba, tukawa tunayaacha kwenye madebe siku nzima kabla ya kuyatumia. Tulilaumu chakula, joto, moshi wa mkaa. Mama mdogo alilaumu jirani aliyekuwa akija kuwasifia samaki kupita kiasi. Baba mdogo hata akaagiza wengine wapya kutoka Morogoro, wakaja kwenye mfuko wa plastiki mapajani mwa kondakta, kwa hoja kwamba maji yanatosha na tangi likionekana limejaa Mzee Hamza atafurahi. Wale wapya ndio waliokufa haraka zaidi.

Nimefundisha hesabu kwa watoto wa Kilosa miaka mingi sasa, na ninapowaona wakirudia hesabu ileile mara tatu na kupata jibu lilelile la makosa, sikasiriki kama walimu wenzangu. Namkumbuka Baba mdogo amesimama na mkono juu, ameridhika. Jibu likikubali kila siku, nani ataenda kukagua kipimo?

Kilichotufungua macho ni siku ya gulio. Mama mdogo alitoka mapema mno na sado yake, na Baba mdogo alikuwa amekwenda kuomba mkaa wa chujio kwa mtu wa Zombo aliyepita na baiskeli. Nilitaka kupima na sikuwa na cha kupimia. Uani tulikuwa na gunia zima la chupa tupu za maji ya kunywa, za lita moja na nusu, zile ambazo abiria huziacha hotelini na sisi tunawekea mafuta ya taa na asali. Nikachukua moja, nikaingiza mpira mdomoni, nikatazama saa. Sekunde tisa. Nikarudia. Tisa. Nilikaa kwenye kochi nikapiga hesabu kichwani, kisha kwenye kiganja kwa kalamu, maana haikuniingia. Kwa kiwango chetu chupa ilitakiwa kujaa kabla ya sekunde saba. Baba mdogo aliporudi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia palepale kabla hajatua mkaa.

"Umekosea kuhesabu," alisema.

"Sijakosea, Baba mdogo. Nimerudia."

"Basi chupa hizo si sawasawa. Viwanda vya siku hizi."

Hata hivyo alingoja. Jioni mama mdogo alipoingia na sado kichwani, amechoka, akajitupa kitandani bila kuvua kilemba, Baba mdogo aliichukua kimyakimya akaiweka juu ya meza ya kulia. Alijaza chupa mbili kwa maji ya ndoo, akamimina ya kwanza ndani ya sado. Akamimina ya pili. Ilipoisha, maji yalikuwa ukingoni mwa sado, yanatetemeka, tayari kumwagika. Lita tatu. Akayamwaga, akaigeuza sado, akapitisha kiganja chini yake. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwenda ndani, mviringo mzuri uliopigwa kwa utulivu, si wa kuangushwa. Tulikuwa tumekiona kila asubuhi. Sado zote za sokoni zilikuwa na vitako vya namna ile, na jicho likizoea jambo haliliulizi. Aliirudisha pale ilipokuwa, akapiga magoti, akazima pampu na kuifungua kwa mara ya kwanza tangu nije. Ile feni yake ndogo ya ndani ilikuwa imevikwa nyuzi. Vipande vya godoro alivifunga mwenyewe kwa kamba ya katani, na katani ilikuwa imechambuka ndani ya maji na kujisokota humo mpaka feni ikawa inazunguka kwa shida. Alizichomoa nyuzi moja moja kwa sindano ya kushonea magunia. Mtu aliyekula mkonge maisha yake yote, akaangushwa na mkonge. Nilitaka kucheka lakini uso wake ulinikataza.

Kesho yake mvua ilinyesha mchana kutwa na hakuna aliyekwenda sokoni. Mvua juu ya bati inawafanya watu wazungumze kwa sauti hata mambo ya siri, na mimi nilikuwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati, natengeneza kisamvu.

"Mama Neema, sado yako ina tumbo."

"Sado gani pale sokoni haina tumbo?"

"Inaingia lita tatu."

"Lita ni za mafuta ya taa. Mimi nauza mchele." Nilimsikia akivuta kigoda. "Sikiliza, Baba Neema. Mteja anataka kilele. Nisipomwekea kilele anahamia meza ya pili. Nikimwekea kilele kwenye sado nzima, nitafunga biashara. Kwa hiyo chini nimepunguza, juu naongeza. Anaondoka na haki yake na moyo wake umefurahi."

"Maji hayana kilele."

"Hayo ni yako na samaki wako."

Nilidhani yameisha. Kisha Baba mdogo akauliza, taratibu mpaka ikabidi nisogee ukutani, "Na mchele wa hoteli? Wa Mzee Hamza nao una kilele?"

Mvua ilinyesha. "Wa hoteli ni mwingi," mama mdogo alisema. "Vijana wake wana haraka. Tunasawazisha kwa mkono, tunamimina kwenye gunia."

"Kwa hiyo anapunjika."

"Kwa hiyo umekuwa ukila, Baba Neema. Wewe, na mwanao aliyeko shule, na huyo aliyeko jikoni. Hukuwahi kuuliza kinatoka wapi."

Nilikuwa na hasira na wote wawili, kwa namna ya msichana wa miaka kumi na tisa: yeye kwa kupunja, na mumewe kwa kuuliza baada ya kula. Leo sina hasira hiyo. Nimeendesha nyumba yangu, nimejua uzito wa kuamka na kukuta kila mdomo unakutazama wewe. Lakini sisemi mama mdogo alikuwa sahihi, na yeye mwenyewe hakulisema hilo, si siku ile wala baadaye. Chakula cha jioni tulikula tukitazama samaki ili tusitazamane. Baba mdogo alikula robo ya sahani yake.

Samaki walipona. Pampu iliyosafishwa ilitoa maji mpaka uso wa tangi ukawa unachezacheza, na asubuhi hakuna aliyepanda juu kuhema. Baba mdogo aliacha kabisa kugusa sado. Alichukua ndoo nyeupe, akaijaza kwa chupa, akachora mistari ya lita kwa kalamu ya wino mzito, na kwa ndoo hiyo tukapata lita mia nane na zaidi kwa saa. Wiki zilizobaki za masika hakufa hata mmoja. Alianza kupiga mluzi. Lakini yeye na mke wake walizungumza mambo ya chumvi na mkaa tu, na sado iliendelea kutoka asubuhi na kurudi jioni na tumbo lake vilevile.

Mzee Hamza alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu nyeupe, amevua viatu mlangoni kabla ya kukaribishwa. Mama mdogo alikuwa uani anapepeta mchele. Nilimpa mgeni kiti na chai. Aliwatazama samaki mmoja mmoja kama anayenunua mbuzi, akaridhika, akasema, "Sasa nieleze jinsi unavyojua maji yanatosha. Langu litakuwa kubwa, sitaki kubahatisha." Baba mdogo alieleza vizuri, kwa furaha, hadi nikajivunia. Kisha akainua ndoo yake nyeupe ili ampimie. Mzee Hamza akaiangalia ile mistari.

"Hii umeichora mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Kwa chupa za lita moja na nusu."

"Mimi ndoo ya kuchorwa siijui." Akageuka, akaiona sado kando ya kabati. "Pima na ile. Sado naijua, nimenunulia mchele kwayo miaka yote. Lita nne."

Baba mdogo aliishikilia ndoo yake. Nilielewa yote mara moja. Akipima kwa sado, ingejaa upesi ajabu na Mzee Hamza angefurahi. Halafu angetaka tangi lake lipimwe hivyo hivyo mbele ya macho yake, na samaki wake wangekufa kama wetu. Akikataa, angeulizwa kwa nini, na jibu lilikuwa uani linapepeta mchele. Alifungua mdomo akasema sado ni ya mama, ina kazi zake. "Kazi gani?" Mzee Hamza alicheka. "Si ni sado? Binti, niletee."

Niliinama kuichukua, kwa kuwa mzee akikutuma huwezi kusimama tu. Sauti ya mama mdogo ikatoka mlangoni.

"Iache, Rehema." Alikuwa na ungo mkononi na pumba kwenye nyusi. "Mzee Hamza, shikamoo. Hiyo haipimi maji. Nimeibonyeza kitako. Inaingia lita tatu."

"Marahaba," alisema Mzee Hamza, kwa mazoea tu. Aliweka kikombe chini. "Na mchele wangu je?"

"Na mchele wako. Ulikuwa unasawazishwa."

Baba mdogo alisema, "Mama Neema," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia ikitoka kwake. Mama mdogo hakumtazama. Alimtazama Mzee Hamza na kusema, "Huyu hajui kupunja. Ndiyo maana ameshindwa kukujibu. Mpime kwa ndoo yake." Kisha akarudi uani, na tukasikia ungo unaendelea.

Mzee Hamza aliangalia samaki kwa muda mrefu. Mwisho akaniambia nishike saa, akaiangalia ndoo nyeupe ikijaa mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili ya kifundi na kujibiwa. Mlangoni, anavaa viatu, alisema, "Jumatatu uje hotelini," na hakuaga upande wa uani.

Jumapili, baada ya ibada, mama mdogo aliweka sado juu ya jiwe na kukigonga kitako kwa mchi mpaka kikarudi nje, kimekunjamana lakini kizima. Jumatatu alfajiri alipiga pasi shati la Baba mdogo, na nilimkuta amekaa mbele ya pasi ya mkaa, machozi yanamtiririka bila sauti. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema moshi. Tulikwenda mezani kwetu sokoni, kando ya barabara kuu, kama kawaida. Jua lilipopanda, gari la hoteli lilifika, likapita mbele yetu na kusimama kwenye duka la mbele lenye mizani. Vijana walewale walishuka wakaanza kupakia magunia ya mchele, na mmoja wao akatupungia mkono kwa aibu. Nilikuwa nawahesabia magunia kwa uchungu. Mama mdogo hakuwa anatazama huko kabisa. Alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anaangalia ng'ambo ya barabara, ambako Baba mdogo alikuwa anaingia lango la hoteli na mfuko wa vifaa begani, mrefu, shati jeupe limenyooka.

"Umemwona?" aliniuliza. "Umemwona anavyotembea?"